Injini Zinauawa na Cha Juu

Fundi anayesema "bosi, hii injini inabidi ifunguliwe" kabla hajashika kipimo hata kimoja anastahili kunyang'anywa spana siku hiyo hiyo. Najua nikishachapisha sentensi hiyo kuna mageti ya gereji kadhaa hapa Dar es Salaam yatafungwa mbele ya uso wangu. Yafungwe. Tumelea vya kutosha biashara ambamo mtu husikiliza mlio wa injini kwa dakika moja, hutikisa kichwa, hufuta mikono kwa tambara, kisha hutaja milioni tatu za mwenzake bila kupepesa jicho.

Na mwenye gari hutoa. Hukopa kwenye kikoba, huuza kiwanja alichokuwa akikilipia kidogo kidogo kule Chanika, husogeza ada ya mtoto hadi muhula ujao, hutoa. Angefanya nini? Gari lake limefika pale kwa kuvutwa, kamba bado imefungwa kwenye bampa, na mtu pekee wa kumuuliza kama kweli injini imekwisha ni yule yule atakayelipwa ikiwa imekwisha.

Jirani yangu, mwalimu mstaafu, ana Toyota Noah ya mwaka 2003 ambayo asubuhi hubeba watoto wa shule na jioni hubeba chochote kinacholipa. Ilianza kuchemsha kwenye foleni. Fundi akafungua kifuniko cha oili, akamwonyesha ute wa rangi ya chai ya maziwa, akasema gasketi ya silinda hedi imeungua. Hapo hakukosea. Maji yakiingia kwenye oili ndivyo inavyokuwa, na gasketi ndiyo mshukiwa wa kwanza. Akafungua, akaweka gasketi mpya, akafunga, akalipwa. Mwezi haukwisha, gari likachemsha tena. "Mama, gasketi za siku hizi feki tupu." Ikanunuliwa nyingine, ya bei kubwa zaidi. Nayo ikavuja. Safari ya tatu mama wa watu akaambiwa injini yenyewe ndiyo imechoka, atafutiwe ya mtumba Gerezani.

Nilikuwepo hedi ilipotolewa hiyo mara ya tatu na kulazwa juu ya boksi lililokunjuliwa, chini ya mkungu. Bolti zilikuwa zimetupwa kwenye beseni la plastiki lenye petroli. Nikaokota mbili za upande wa nyuma, ule unaoelekea ukuta wa kabini. Nyuzi zake zilikuwa zimejaa vipande vya aluminiamu, vyeupe, vimejiviringisha humo hadi ukucha haupenyi. Aluminiamu ile haikutoka kwenye bolti, bolti ni chuma. Ilitoka kwenye bloku. Matundu ya bloku yalikuwa yamepoteza nyuzi zake, na kila fundi alipokaza hedi, bolti za nyuma zilikuwa zinazunguka bure ndani ya shimo. Hakuna gasketi duniani, iwe ya Japani au ya wapi, inayoweza kuziba hedi ambayo haijashikwa.

Hili si fumbo. Noah ile ina injini ya 1AZ-FSE, ndiyo hiyo watu wanayoiita D4 na kuikimbia kama... basi, wanaikimbia. Injini za ukoo wa AZ za mwanzoni mwa miaka ya 2000, pamoja na 2AZ-FE ya lita 2.4 iliyomo kwenye Harrier nyingi mnazoziona barabarani, zinajulikana kwa ugonjwa huo huo: bloku ya aluminiamu inapashwa moto na kupoa maelfu ya mara, nyuzi za matundu ya nyuma zinalegea, maji yanavuja nyuma ya hedi pasipoonekana, injini inachemsha. Dawa yake ni kukereza matundu upya na kuyavisha nyuzi za chuma, kazi ya mchongaji mwenye drili iliyonyooka na tapu za saizi yake, na hapa mjini wachongaji hao wapo. Gharama yake haiikaribii gharama ya kununua injini nyingine na kuifunga.

Fundi alikuwa amezishika bolti zile kwa mikono yake mara tatu, akazitia kwenye petroli, akazitoa, akazirudisha. Hakuziangalia, kwa sababu hakuna aliyemlipa aziangalie.

Hapo ndipo ugomvi wangu ulipo, na si na fundi peke yake. Tazameni jinsi fundi anavyokula. Pesa ya ufundi hupatanwa mpaka ibaki mifupa. Mwenye gari aliyevaa saa ya bei mbaya anamkata kijana elfu kumi huku kiyoyozi cha gari kikinguruma. Fundi anakubali kwa sababu ana mahali pengine pa kujilipia: dukani. Ndiyo maana ukimpigia simu muuza spea mwenyewe, swali la kwanza si aina ya gari. Ni "fundi wako nani?" Akishajua, bei anayokutajia tayari ina cha juu cha fundi ndani yake, na fundi atakipitia jioni. Pampu ya maji ina cha juu. Rejeta ina cha juu. Injini nzima ya mtumba ina cha juu kinachoweza kulipa kodi ya nyumba ya miezi kadhaa, na juu ya hapo fundi anabaki na injini ya zamani, ambayo ataichinja auze hedi, alteneta na stata, kisha mabaki yaende kwa wanunuzi wa chuma chakavu.

Kipimo hakina cha juu. Fundi akitumia saa nzima kupima na kugundua kwamba kilichoharibika ni kifuniko cha rejeta, amejipatia hasara: kifuniko ni cha maelfu machache, ufundi wa kukibadilisha ni kuzungusha mkono, na mteja ataondoka akilalamika kwamba hata hiyo elfu tano ni nyingi kwa kazi ya sekunde. Akisema injini imekufa, amekula Krismasi. Kwa mpangilio huo, ninyi mnaosoma hapa, mngepima?

Watu hupenda kusema mafundi wetu ni wezi. Wapo, sikatai, na nitawafikia. Lakini nimewaona vijana chini ya miti hiyo hiyo wakiishusha injini kwa mnyororo na boriti, bila lifti wala mwongozo wa kiwanda, wakairudisha na ikawaka kwa ufunguo wa kwanza. Ujuzi upo. VETA wenyewe wanaukubali, ndiyo maana wana utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya darasa, mtu anapimwa kwa anachokijua na kupewa cheti. Kinachokosekana ni malipo ya akili. Tumekubaliana, wateja na mafundi, kwamba tutalipia chuma tu, kisha tunashangaa kwa nini kila tatizo jibu lake ni chuma.

Tuje kwenye vipimo, kwa sababu nimechoka kusikia kwamba ni mambo ya ulaya na wakala wa magari mapya. Geji ya kompresheni ni saa ndogo yenye mpira, inafungwa kwenye tundu la plagi, unapiga stata mizunguko kadhaa, unasoma. Injini ya 1NZ-FE, ile ya IST ya lita 1.5 iliyojaa mjini, ikiwa nzima kitabu cha kiwanda kinaitegemea itoe psi 213 hivi. Ikishuka chini ya 156 ndipo unaanza kuzungumza habari ya kufungua. Na silinda moja isitofautiane na nyingine kwa zaidi ya 14. Namba nne, kwa silinda nne. Zikiwa zote ziko juu na zinalingana, fundi anayekwambia ringi zimekwisha ana la kujieleza. Mbili zinazopakana zikiwa chini na nyingine ziko sawa, gasketi inawezekana imepasuka katikati yake. Tone la oili kupitia tundu la plagi kisha upime tena: namba ikipanda, ringi, isipopanda, angalia valvu. Kazi yote hiyo ni ya asubuhi moja, na kifaa chenyewe kinauzwa mtaani kwa pesa ambayo fundi wa wastani huipata kwa siku chache.

Hedi ikishatoka, kuna rula ya chuma iliyonyooka na kuna fila geji, vile vijibati vyembamba vya kupimia mwanya. Injini hiyo hiyo ya 1NZ hairuhusu hedi ipinde kwa zaidi ya milimita 0.05, ambayo ni nyembamba kuliko unywele wa kichwani kwako. Hapa kwetu hedi hupimwa kwa jicho, na fundi akiinua juani na kufumba jicho moja anaamini ameona 0.05. Wengine huipeleka moja kwa moja kwa mchongaji, ikachongwe tu hata kama imenyooka, na kila ikichongwa inapungua unene na chumba cha moto kinabana zaidi. Nimeona hedi iliyochongwa mara nyingi kiasi kwamba haikubakiza pa kuchonga.

Na kukaza. Bolti za hedi ya 1NZ hukazwa kwa nguvu ndogo kwanza, nyutoni-mita 29, kwa mpangilio kuanzia katikati kwenda pembeni, kisha kila moja huzungushwa nyuzi 90, kisha nyuzi 90 nyingine. Kwa hilo unahitaji toki renchi, spana ya kupimia mkazo. Gereji ngapi zinayo? Mnazozijua ninyi, zinayo? Niliyoiona mara nyingi ni kipande cha bomba kilichovishwa kwenye mkono wa spana, na fundi mkuu akining'inia huku msaidizi anamwambia "bado kidogo". Halafu uzi wa bloku uking'oka, lawama kwa D4.

Sina nafasi ya kueleza kila kifaa. Geji ya presha ya oili ipo. Pampu ya mkono ya kujaza presha kwenye rejeta na kutazama inavuja wapi ipo. Hata ile mashine ya kompyuta ambayo sasa kila gereji inayo na inatoza kuichomeka, wengi hawaitumii kupima, wanaitumia kuthibitisha walichotaka kuuza. Mashine ikitoa P0301 inasema silinda namba moja haichomi sawasawa. Haisemi nunua koili. Inaweza kuwa koili, plagi, nozeli, valvu, au waya uliotafunwa na panya. Msimbo ni mahali pa kuanzia kupima, nao wameugeuza orodha ya manunuzi.

Sasa niwafikie wale wezi, na wale wasio wezi lakini wanaua injini kwa imani. Katika gereji zetu kuna imani moja imeota mizizi kiasi kwamba ukiipinga unaonekana mgeni: themostati ni kifaa cha nchi za baridi, hapa haihitajiki, toa tupa. Gari likichemsha, kitu cha kwanza kutupwa ni themostati. Na gari linapoa! Mteja anafurahi, fundi anapata jina. Kwa nini linapoa? Kwa sababu themostati iliyoganda kweli huchemsha injini, na kuitoa kunaondoa mgando huo. Ingetosha kuweka mpya.

Kwa kuitoa, umeiondolea injini njia yake ya kudhibiti joto. Themostati hufunga njia ya maji mpaka injini ipate moto wake, na nyingi hufunguka kwenye nyuzi 82 hivi. Bila hiyo maji yanazunguka muda wote. Endesha alfajiri kwenda Morogoro, au jaribu baridi ya Njombe, mshale wa joto haunyanyuki. Kompyuta inadhani gari limewashwa sasa hivi, inaongeza petroli. Petroli ya ziada inasafisha oili kwenye kuta za silinda, nyingine inashuka kwenye sampu na kuizimua oili yenyewe, unyevu haupati moto wa kuukausha, oili inageuka matope. Mafuta yanaliwa, mwenye gari anasema gari la zamani linakula. Na kwenye injini nyingi kile kifaa kikiondolewa kinaacha wazi njia ya pembeni ambayo kilipaswa kuifunga, kwa hiyo sehemu ya maji ya moto inarudi kwenye injini bila kupita kwenye rejeta, na ukikwama kwenye foleni ya saa nane mchana gari linachemsha kuliko mwanzo. Ndipo anapokuja fundi mwingine kuunganisha feni moja kwa moja isizime. Kisha mwingine anakwambia gasketi. Hesabu pesa kuanzia themostati ile iliyotupwa.

Maji yenyewe tunajaza ya bombani, na sehemu nyingine za mji huu bomba ni kisima, na kisima mara nyingi ni chumvi. Chumvi na aluminiamu hazijawahi kupatana. Nimeona hedi iliyotafunwa pembezoni mwa njia za maji mpaka gasketi haina pa kukaa. Kulanti si pambo la rangi ya kijani. Inazuia kutu na inapandisha kiwango cha kuchemka. Na kile kifuniko cha rejeta ambacho hakuna anayekitazama kinabana mfumo kwa presha ya karibu baa moja, ambayo peke yake inafanya maji yachemke kwenye nyuzi 120 hivi badala ya 100. Springi yake ikichoka, maji yanachemka mapema, yanamwagika, fundi anaona mvuke, anasema gasketi. Injini zinafunguliwa kwa sababu ya kifuniko.

Oili nitaipitia haraka maana ni kidonda kirefu. Kwenye kifuniko cha oili au kwenye kitabu cha IST hiyo hiyo imeandikwa 5W-30. Fundi anakuwekea namba 40 au 20W-50 kwa sababu "gari limetembea". Oili nzito huchelewa kufika juu injini inapowashwa asubuhi, na mfumo wa VVT-i unaotegemea oili ipite kwenye vijitundu vyembamba haukutengenezwa kwa uji huo. Wauza magari wanaijua faida yake moja: inameza mlio wa beringi kwa wiki chache, muda wa kutosha kuuza. Na ukimaliza kubadilisha oili, ondoka na galoni yako tupu au itoboe pale pale. Galoni tupu yenye nembo nzuri ina mnunuzi, na mnunuzi huyo haipeleki kwenye mtambo wa kuyeyusha plastiki.

Halafu injini ya mtumba, ambayo ndiyo kilele cha bahati nasibu hii. Unaingia kwenye duka la giza, injini zimepangwa ukutani, unaambiwa "hii imetoka Japani juzi", unalipa, na kwenye risiti, kama ipo, imeandikwa "injini moja". Kibao ukutani kinasema bidhaa ikishauzwa hairudishwi. Kibao hicho kinajifanya kimefuta sheria ya nchi. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, inamtaka muuzaji anayejua unanunua kwa kazi gani akuuzie kitu kinachofaa kazi hiyo. Lakini sheria haiji dukani kwa miguu yake. Ukifika mbele ya hakimu, hata wa Mahakama ya Mwanzo, ataomba ushahidi, na wewe una sauti ya fundi kwenye WhatsApp ikisema "bosi relax".

Na huyo fundi anayekubadilishia injini mara nyingi hakukumbushi kwamba namba ya injini imo kwenye kadi ya gari. Siku ya kuuza ndipo utakapojua una injini moja kwenye karatasi na nyingine kwenye boneti, na ya pili hujui ilitoka kwa nani.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba magari haya yanatoka kwenye karatasi. Japani gari jipya hukaguliwa kwa lazima baada ya miaka mitatu, kisha kila miaka miwili, ukaguzi wanaouita shaken. Fungua boneti ya gari lililoshuka bandarini, utakuta kibandiko cha tarehe na kilomita za oili ya mwisho. Fungua droo ya dashibodi, mara nyingine kuna kijitabu kizima cha matengenezo kwa Kijapani. Siku hizi simu yako inaweza kukisoma kwa kamera. Sisi kibandiko tunakikwangua gari lipendeze, kijitabu kinatupwa na msafisha gari, na kuanzia hapo gari litaishi miaka kumi na tano bila mstari mmoja ulioandikwa juu yake. Ukivuka mpaka si tofauti; nenda Kirinyaga Road Nairobi au soko la Kisekka Kampala, utasikia lugha ile ile ya "imetoka Japani juzi".

Sasa serikali. Nasikia tayari jibu: sekta isiyo rasmi, wapeni nafasi vijana, msiwabane. Nani amesema wabanwe? Tulikuwa na wakati nchi hii ilikuwa ikinyweshwa petroli iliyochanganywa mafuta ya taa; neno uchakachuaji halikuja kwenye siasa peke yake, lilikuwa kwenye matangi yetu. Serikali haikuhubiri maadili kwa wenye vituo. Mwaka 2010 EWURA walianza kutia vinasaba kwenye mafuta, mkaguzi akafika na kifaa, akachukua sampuli, namba ikasema. Waliweka kipimo. Wakala wa Vipimo leo wanakagua mizani ya muuza nyanya, kwamba kilo iwe kilo. Muuza nyanya akikupunja amekupunja gramu mia. Gereji inayokadiria kwa sikio inakupunja injini, na haina mtu wa kuiuliza.

Halmashauri zinatoa leseni za biashara. Sioni ugumu gani upo wa kuweka sharti kwamba gereji inayofungua injini iwe na geji ya kompresheni, fila geji na toki renchi, zikaguliwe kama mizani ya sokoni inavyokaguliwa. Vifaa vitatu. Anayeshindwa kuwa navyo abadilishe tairi na oili, ni kazi halali. Na Tume ya Ushindani, ambayo tumeizoea ikiteketeza bidhaa bandia mbele ya kamera, ivichukue vile vibao vya "haturudishi" dukani kwa dukani. TRA wametufundisha kwa miaka kwamba ukiuza toa risiti, ukinunua dai risiti. Ongezeni kwenye somo hilo namba ya injini na aina ya spea iandikwe kwenye risiti, maana risiti isemayo "spea" haina faida kwa yeyote isipokuwa kwa kodi.

Lakini sitaingojea halmashauri, na ninyi msiingojee. Kesho gari likianza kunoki, fika gereji na maneno mapya mdomoni. Mwambie fundi: nakulipa upime, kabla ya kufungua chochote, na pesa hiyo ni yako hata tatizo likiwa kifuniko cha rejeta. Mpe pesa ya maana, mara mbili ya anayoizoea kwa saa moja. Kisha dai karatasi. Kompresheni za silinda zote. Presha ya oili injini ikiwa ya moto. Kama hedi imetoka, imepinda kiasi gani na imepimwa na nani. Bolti zipangwe mbele yako, usiondoke kabla hujazitazama nyuzi zake. Spea nunua mwenyewe kwa orodha aliyoiandika, na cha juu ambacho amekikosa umeshamlipa kwenye upimaji, waziwazi, bila kupitia mlango wa nyuma wa duka. Spea zilizotolewa rudi nazo nyumbani, hata kama hujui utazifanyia nini.

Wapo watakaosema huo ni usumbufu, fundi atakasirika, na nani ana muda. Muda mnao. Mnakaa saa nne kwenye benchi la gereji mkinywa soda na kusikiliza nyundo. Na fundi atakayekasirika kwa kulipwa ili apime amekwishakuonyesha alikuwa anategemea kula wapi. Ifunge tena ile kamba kwenye bampa, mwite mwenye gari la kuvuta, ondoka.